Uzi: Sinki la jikoni halikai bila kuziba, nyumba ya mawe Lamu. Tuzuie vipi?

Bint Mkomani
Assalamu alaikum jamaa. Naomba maarifa yenu. Nyumba yetu iko Mkomani, ya mawe, ya zamani, jiko liko ghorofa ya juu. Sinki huanza kwa kushusha maji polepole, baadaye linatoa harufu, mwisho maji yanasimama kabisa. Tunamwita mtu, anachokoachokoa, maji yanashuka, anapokea pesa zake anaenda. Hazipiti wiki nyingi tunamwita tena. Mtu wa kuzibua ninaye. Ninachotaka ni lisizibe. Ramadhani imekaribia, na jiko la Ramadhani mnalijua, halafu kuna wageni. Na tafadhali asiniambie mtu nikanunue ile dawa ya unga ya kuzibulia, tumeshaitia mpaka tumechoka.

FundiLangoni
Wa alaikumu salaam dada. Kabla ya kusema lolote nijibu haya. Bomba la sinki lina upana gani? Linapita wapi mpaka kufika chini? Vyombo mnaoshea maji ya mfereji au ya kisima? Na nazi mnakuna nyumbani?

Kaskazi
Nazi imeingiaje hapa fundi 😂

FundiLangoni
Ngoja utaona.

Bint Mkomani
Bomba ni la plastiki, jembamba, nadhani ni inchi moja na robo. Linatoka kwenye sinki, linapita chini ya sakafu ya jiko, kisha linatokea ukutani upande wa uchochoroni na kuteremka. Vyombo tunaoshea maji ya kisima, ya mfereji tunayaweka ya kupikia. Nazi tunakuna, nyumba gani ya Lamu haikuni nazi? Tui likishakamuliwa bakuli na kung'uto vinasuuzwa palepale kwenye sinki.

FundiLangoni
Basi ugonjwa tumeujua. Nitaandika kwa urefu, mwenye haraka aruke.

Watu wengi hudhani bomba linazibwa na kitu kimoja kikubwa: kijiko, kitambaa, mfupa. Hutokea, lakini sinki la jikoni linaloziba na kuziba tena halina kitu kikubwa ndani. Lina vitu vitatu vidogo vilivyokutana.

Cha kwanza ni mafuta. Samli na mafuta ya nyama yakipoa yanaganda, hilo kila mtu amelishuhudia kwenye sufuria ya pilau asubuhi. Mafuta ya nazi huganda kwenye nyuzi joto 24 au 25 hivi, kwa hiyo kwa joto letu unaweza kuyaona maji maji muda wote ukadhani hayana madhara.

Cha pili ni maji yenyewe. Maji ya visima vyetu yamepita kwenye mchanga na mawe ya matumbawe, yameokota chokaa njiani. Ndiyo maana sabuni haitoi povu upesi, na ndiyo maana sufuria ya kuchemshia maji hufanya ukoko mweupe. Chokaa hiyo ikikutana na sabuni na mafuta hutengeneza utando wa kijivu usioyeyuka kwenye maji, unaonata kwenye kuta za bomba. Hata yale mafuta ya nazi ambayo hayajaganda yanaingia humo.

Cha tatu ni machicha. Hata kama mengi umeyatupa, yale yanayobaki kwenye kung'uto ni nyuzi nyuzi. Zinanasa kwenye ule utando, zinashikana, na kila punje ya wali inayopita inapata pa kukaa. Mtu wa Lamu hahitaji kuelezwa zaidi: ukuta wa nyumba yake umejengwa hivyo hivyo, chokaa ndiyo inayoshika na kokoto ndizo zinazojaza.

Sasa huyo anayekuja na waya anatoboa tundu katikati ya huo ukuta. Maji yanapita, mnafurahi, lakini utando wote bado uko pembeni. Hana makosa, amefanya mlichomwitia.

Kinga inaanza kabla chombo hakijafika kwenye sinki. Sufuria na sahani zenye mafuta zifutwe kwanza, kwa gazeti, kwa kipande cha mkate, kwa chochote, ndipo zioshwe. Hili moja ukilishika umeshinda nusu ya vita. Mafuta ya kukaangia bajia na sambusa yaache yapoe, yatie kwenye chupa au kopo lenye kifuniko, yakishatumika vya kutosha yatupwe na takataka. Usiyamwage kwenye mtaro wa uchochoroni, maana utakuwa umemhamishia jirani wa chini shida yako. Machicha ni chakula cha kuku, na asiye na kuku ana jirani mwenye kuku. Kung'uto kisuuzwe kwenye beseni, maji yale yamwagwe penye mti. Na juu ya tundu la sinki weka chujio la matundu madogo la chuma, lile la kuweka na kutoa, siyo ile sahani yenye matundu makubwa iliyokuja na sinki. Ile inazuia vijiko tu.

Majani ya chai, magamba ya samaki na unga wa ngano vilevile visiende. Unga hasa. Aliyekanda mahamri akaosha beseni lake kwenye sinki ameweka gundi.

Ami wa Shela
Fundi amesema kweli. Hapo kae jiko halikuwa na sinki juu. Zombo zikioshwa kiwandani, yaani uani, kwa ivu na mtanga, masazo yakenda kwa kuku na paka. Mai ya zombo yalikuwa mai matupu. Sasa kula mtu ataka sinki juu, mai ya munyu, na paipu nyembamba. Litaatáje kuziba?

Kaskazi
Ami shikamoo. Lakini hatuwezi kurudi kwenye jivu 😅 Mimi njia yangu ni rahisi: kila Ijumaa birika zima la maji yanayochemka, halafu magadi na siki. Povu linavyotoka utajua kazi inafanyika.

FundiLangoni
Kaskazi, povu ni hewa tu. Magadi na siki vikikutana vinamalizana vyenyewe, kinachobaki ni maji yenye chumvi chumvi. Harufu unaweza kuipunguza, utando mnene hautikisiki. Na maji yanayochemka usimwage kwenye bomba la plastiki. Zile paipu za kawaida huanza kulainika kabla ya nyuzi 100, karibu na 80 hivi, na maungio ndiyo yanayoumia kwanza. Likilainika linapinda, likipinda linafanya tumbo, na maji yanalala hapo. Maji ya moto ambayo mkono unayavumilia kwa taabu yanatosha, na uyamwage mengi kwa mkupuo, siyo kidogo kidogo.

Kaskazi
Kwa hiyo miaka yote nimekuwa nikichezea bomba langu.

Bint Mkomani
Ile dawa ya unga je? Mara ya mwisho tuliitia, bomba likapata joto mpaka linaguswa kwa nguo, kisha likaziba zaidi ya mwanzo.

FundiLangoni
Nyingi ya hizo ni kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni. Kostiki na mafuta ni sabuni. Ikiwa maji hayapiti, inakaa palepale na mafuta, na mnachopata ndani ya bomba ni mche wa sabuni. Nimewahi kukata bomba nikautoa mzima.

Binafsi naona hazifai kwenye nyumba zetu kabisa. Wengine hawatakubaliana nami, sawa, lakini mwenye kuzitumia ajue mambo haya: unga unatiwa kwenye maji baridi, kamwe si maji juu ya unga, maana unachemka na kurusha. Vaa glavu, linda macho. Na ukishatia, mwambie fundi utakayemwita. Tumeunguzwa mikono na maji ambayo mwenye nyumba alisema ni maji tu.

Afya Mtaani
Naongezea hapo, maana tunaona watu wakikohoa mpaka machozi. Jiki isichanganywe na dawa ya choo yenye asidi. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini, na bafu zetu nyingi zina kidirisha kidogo tu. Wala jiki isichanganywe na siki. Mtu anaona moja imeshindwa anaongeza ya pili juu yake, hapo ndipo hatari. Mwaga maji mengi kwanza, fungua mlango, subiri.

Mpishi wa Malindi
Salaam kutoka Malindi. Naendesha nyumba ndogo ya wageni, yaliyonipa taabu si nazi peke yake. Kwetu maji yanatoka Baricho kwenye Mto Sabaki, chokaa si kama ya visima vyenu, lakini kuna mchanga. Mgeni anatoka ufuoni anaingia bafuni na nusu ya pwani mwilini. Niliweka mfereji nje na karai la kuoshea miguu, bafu zikapumua. Nywele nazo, wekeni kile kichujio cha bafuni, kinatolewa kila siku kabla ya kusafisha.

La pili ni choo. Wageni wetu wengi hutumia karatasi, na karatasi ya choo huloa ikasambaratika, hiyo si shida sana. Shida ni vile vitambaa vya maji maji vya kupangusia watoto. Pakiti inasema vinaweza kwenda chooni, lakini haviyeyuki. Taulo za hedhi na pampasi vilevile. Nimeweka ndoo yenye kifuniko kila choo, na kibandiko ukutani. Bila ndoo kibandiko hakisaidii kitu.

La tatu, mwarobaini. Nilikuwa nao karibu na bomba la nje, mizizi ikaingia kwenye maungio kutafuta maji. Kama una mti mkubwa karibu na bomba, usihangaike na waya kila mwezi. Ama bomba lihame, ama mti uondoke.

Nahodha Mstaafu
Mmesahau bahari. Sisi wa nyumba za mbele kule gatini, kuna mabomba na mitaro inayotoka moja kwa moja kwenye maji. Siku za bamvua, bahari ikijaa kupita kawaida, mdomo wa mtaro unakuwa chini ya maji. Hapo hata bomba liwe safi namna gani, maji hayana pa kwenda, na yakishuka yanaacha mchanga na takataka ndani. Mtu anaita fundi mchana wa bamvua, fundi anazibua mpaka jioni, kumbe maji yakipwa yangeshuka yenyewe. Angalieni mwezi kwanza. Ukiandama au ukiwa mpevu, ngojeni maji yapwe ndipo mjue kama kuna kuziba kweli. Siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, bomba likikataa, hilo limeziba.

FundiLangoni
Nahodha amenikumbusha. Kwa nyumba za aina hiyo kuna valvu ya njia moja, ina ulimi unaofunguka maji yakitoka na kufunga yakitaka kurudi. Inasaidia, ila mchanga ukikaa kwenye ulimi haufungi tena, kwa hiyo lazima iwekwe mahali mkono unapofika. Na kazi ya kusukuma mtaro kwa maji mengi ifanywe bahari ikiwa inatoka.

Bint Mkomani
Shukran nyote. Fundi, hujasema kuhusu bomba lenyewe. Hiyo inchi moja na robo ni tatizo?

FundiLangoni
Ni dogo kwa jiko la familia. Sinki la jikoni mimi hulipatia bomba la inchi moja na nusu, na likishapita chini ya sakafu kwa urefu wowote wa maana hulipatia la inchi mbili. Choo ni inchi nne, hilo halina mjadala.

Mteremko ndio unaosahaulika zaidi. Kwa kila mita moja bomba lishuke sentimita mbili hadi mbili na nusu. Nyumba zetu sakafu zimelala juu ya boriti, na boriti zinapinda kwa miaka, kwa hiyo bomba lililofungwa vizuri wakati wa kujenga leo linaweza kuwa na tumbo katikati. Jirani akiwa na pima maji aiweke juu ya bomba pale linapoonekana, itakwambia.

Elbo kali za nyuzi 90 ziepukwe. Mbili za nyuzi 45 zinapitisha vizuri zaidi. Na kila penye kona pawe na mdomo wa kuzibulia wenye kifuniko cha kufungua. Hapa nitasema kwa uchungu kidogo: mafundi wa vigae wanaifunika. Mwenye nyumba anaona kifuniko kinaharibu sura ya sakafu, kinawekwa kigae juu, siku ya kuziba tunavunja sakafu nzima. Kama kuna mdomo nyumbani kwenu na haujafunikwa, mwambie kila mtu ulipo.

Bomba la pumzi nalo. Ukisikia sinki linagugumia choo kinapomwagwa, au maji ya mtego, lile bomba lililopinda chini ya sinki, yananyonywa, ujue bomba halina pa kuvutia hewa. Ongeza bomba la pumzi lipande juu ya paa, kichwani liwe na wavu wa kuzuia kunguru na majani.

Kwa nyumba za mawe hili si la usafi tu. Bomba lililoziba juu hutafuta pa kutokea, maji yanapenya kwenye ukuta wa matumbawe na chokaa, yanafika kwenye vichwa vya boriti pale vinapoingia ukutani, na boriti inaoza mahali usipopaona. Ukiona plasta inavimba au inatoa unga mweupe karibu na njia ya bomba, usipake rangi. Tafuta maji yanatoka wapi. Na wanaoziba sehemu hizo kwa saruji wanafungia unyevu ndani. Chokaa inapumua, saruji haipumui.

Kaskazi
Na kuzibua kwa fito? Kwetu kila nyumba ina ufito nyuma ya mlango wa bafu 😂

FundiLangoni
Ufito ni wa kuezekea. Unatoboa elbo, au unaisukuma takataka mpaka mahali pabaya zaidi. Kama ni lazima uzibue mwenyewe, tumia pampu ya mpira: ziba lile tundu la pembeni la sinki kwa kitambaa kilicholowa, maji yafunike mpira, kisha vuta zaidi ya kusukuma. Ikishindwa weka ndoo chini, fungua ule mtego uliopinda chini ya sinki kwa mkono, usafishe. Mara nyingi uchafu uko hapo hapo. Jikoni mtego huo ufunguliwe hata kama haujaziba, angalau kabla ya Ramadhani na baada ya Idi.

Mpishi wa Malindi
Kwa wenye jiko kubwa, au wanaopikia harusi na Maulidi, jengeni mtego wa mafuta nje. Ni kishimo cha saruji au hata pipa la plastiki lenye kifuniko. Maji ya jikoni yanaingia upande mmoja, bomba la kutokea limepindishwa kuelekea chini mpaka ndani ya maji. Mafuta yanaelea juu, chakula kinazama, kinachotoka ni maji ya katikati. Lakini lazima mtu aukombe. Usipokombwa unajaa, na hapo hakuna mtego tena. Kwangu unakombwa kila wiki na harufu yake si ya kusimulia.

Ami wa Shela
Nanyi wa Malindi mna gari la kunyonya choo. Hapa mui wa kale gari litapita ndia gani? Punda wawili wakikutana, mmoya arudi nyuma.

Afya Mtaani
Ami umegusa jambo. Kwa kuwa gari haliingii, shimo likijaa linachotwa kwa mikono, kazi ngumu na ya hatari kwa anayeifanya. Kwa hiyo kila kisichooza kinachotiwa chooni kinaliwahisha shimo kujaa. Naomba pia msisahau mbu. Yule anayezaliana kwenye maji machafu yaliyotuama, kwenye mashimo ya choo na mitaro iliyoziba, ndiye anayeeneza matende na mabusha hapa pwani. Wazee walitia samaki kwenye birika la bafuni ili wale viluwiluwi vya mbu, hiyo ni kwa maji safi. Kwa mashimo, huko Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, walimwaga chembe nyepesi za plastiki nyeupe zikafunika maji yote ya vyoo. Viluwiluwi vikakosa hewa, mbu wakapungua sana. Kwa nyumbani inatosha kuhakikisha mfuniko wa shimo hauna ufa na bomba la pumzi lina wavu.

Mpangaji
Samahani kuchelewa. Sisi tunakaa familia tatu, bomba la kushuka ni moja, na kila likiziba tunalaumiana. Nitajuaje ni la nani?

FundiLangoni
Angalia nani anazibiwa. Kama sinki moja tu linasimama na mengine yanashusha, uchafu uko kwenye tawi la huyo, kabla halijaungana na wengine. Kama wa chini anamwaga vizuri lakini wa juu wote wawili wamekwama, uko kati yao kwenye bomba la pamoja. Kama maji ya wa juu yanachomoza kwenye sinki la wa chini, uko chini ya wote, na hapo gharama mgawane. Kubalianeni pia nani ana ufunguo wa kifuniko cha nje.

Mpangaji
Yanachomoza kwa wa chini.

FundiLangoni
Basi mgawane.

Bint Mkomani
Fundi, la mwisho halafu nakuacha. Bafu la juu halitumiki, ndugu zangu wako Mombasa wanakuja sikukuu tu. Halizibi lakini linanuka. Nimwage nini?

FundiLangoni
Maji tu. Mtego wake umekauka, na maji ya mtego ndiyo yanayozuia harufu kupanda. Mwaga ndoo moja kwenye kila tundu, la kuogea na la kunawia, na choo ukivute. Ukiwa hutalitumia kwa miezi, ukishamwaga maji ongeza vijiko viwili vya mafuta ya kupikia juu yake, yataelea na kuchelewesha maji kukauka. Najua nimewakataza mafuta uzi mzima. Hapa ni vijiko viwili, na siyo jikoni.